Mwalimu Anayetaka Kutengeneza Mifumo Aanzie Shuleni Kwake

Mwalimu anayefikiria kuacha chaki na kuingia kwenye utengenezaji wa programu za kompyuta huwa na swali moja mdomoni: ajifunze lugha gani kwanza, Python au JavaScript? Swali hilo lisubiri. La kwanza liko kwenye hati yake ya mshahara, kwenye safu ya makato.

Benki na vyama vya akiba na mikopo vinawapenda walimu wa serikali, Kenya na Tanzania, kwa sababu mshahara wao unajulikana na unaingia kila mwezi. Mkopo wa kiwanja, wa ada za watoto, wa kumalizia nyumba, yote hukatwa juu kwa juu kabla mwenye mshahara hajauona. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, na wapo walimu wanaoishi kwenye ukingo wa theluthi ile inayobaki. Mwalimu wa aina hiyo akiandika barua ya kuacha kazi leo, deni halisomi barua. Kabla ya kugusa msimbo wowote, basi, aketi na mwenzi wake wajue mkopo unaisha mwezi gani, nyumba inaweza kwenda miezi mingapi bila mshahara, na nani atalipa bima ya matibabu. Aulize pia, na ajibiwe kwa maandishi, michango yake ya hifadhi ya jamii itakuwaje akiondoka kabla ya umri wa kustaafu. Tanzania swali hilo huenda PSSSF, mfuko uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha mifuko iliyokuwapo.

Hesabu hiyo karibu kila mara hutoa jibu moja: asiache kazi ili akajifunze. Ajifunze akiwa kazini. Na shule anayofundisha, pamoja na makaratasi yake yote yanayomchosha, ndiyo karakana bora kuliko kozi yoyote atakayoilipia.

Hilo limeshatokea kwa watu wanaojulikana. Quincy Larson, Mmarekani aliyekuwa mwalimu kisha mkuu wa shule, alianza kujifunza kuandika programu akiwa na miaka thelathini na kitu, akisukumwa na kazi za ofisini zilizokuwa zikila muda wa walimu wake. Mwaka 2014 alianzisha freeCodeCamp, ambako watu wa kila nchi wanajifunza programu bila kulipa chochote. Kabla yake, na katika mazingira magumu zaidi, kulikuwa na Dorothy Vaughan. Alifundisha hisabati katika sekondari ya watoto Weusi mjini Farmville, jimbo la Virginia, hadi 1943, alipoajiriwa kupiga hesabu kwa mkono katika maabara ya usafiri wa anga ya Langley, ambayo mwaka 1958 iliingizwa NASA. Kompyuta za IBM zilipoanza kufika, Vaughan, aliyezaliwa 1910, aliona kazi ya hesabu za mkono inaelekea kwisha. Alijifunza FORTRAN, lugha iliyotolewa na IBM mwaka 1957, akiwa anakaribia miaka hamsini. Kisha akawafundisha wanawake aliofanya nao kazi. Ualimu haukumtoka, aliuhamishia kwenye mashine.

Sasa tushuke shuleni. Tuseme ni mwalimu wa fizikia katika sekondari ya kata, Tanzania, na amepewa kazi ambayo hakuna anayeitaka: kuandaa matokeo ya mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne. Wanafunzi ni 60, masomo tisa kila mmoja, alama 540. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani, 75 hadi 100 ni A na ina pointi 1. 65 hadi 74 ni B, pointi 2. 45 hadi 64 ni C, pointi 3. 30 hadi 44 ni D, pointi 4. Chini ya hapo ni F, pointi 5. Huchukuliwa masomo saba bora na pointi zake kujumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri.

Walimu hufanya kazi hii kwa kalamu na kikokotozi, au kwa jedwali la Excel waliloachiwa na mwenzao aliyehama. Mwalimu wetu aandike programu. Hatua ya kwanza ni mistari michache tu ya Python inayopokea alama na kutoa gredi. Hapo atajifunza masharti. Hatua ya pili ni kubadili gredi kuwa pointi, kuzipanga kuanzia ndogo, kuchukua saba za mwanzo na kuzijumlisha. Hapo atajifunza orodha na upangaji. Ya tatu ni kusoma majina na alama za darasa zima kutoka kwenye faili. Ya nne ni kutoa karatasi ya matokeo ya kila mwanafunzi, tayari kupigwa chapa na kukabidhiwa mzazi. Akifika hapo amegusa sehemu kubwa ya misingi ambayo vitabu vya mwanzo huifundisha kwa mifano ya maduka na magari yasiyomhusu.

Utamu unaanza pale programu inapokosea. Mwanafunzi amepata 71 katika jaribio la kwanza na 78 katika la pili, wastani wake 74.5. Msimbo wa anayeanza utasema: kuanzia 75 hadi 100 toa A, kuanzia 65 hadi 74 toa B, na kuendelea hivyo hadi chini, na alama yoyote isiyoangukia popote ipewe F. Sabini na nne na nusu haimo kwenye A wala kwenye B. Inateremka ngazi yote na kupewa F. Programu haijagoma, hakuna onyo lolote jekundu, karatasi imetoka safi na mhuri utapigwa juu yake. Atakayeligundua kosa hilo ni yule anayemjua mtoto na kushtuka: huyu hawezi kupata F ya fizikia!

Kulirekebisha ni rahisi: programu ianze juu na kuuliza kama alama ni 75 au zaidi, ikishindikana kama ni 65 au zaidi, na kuendelea. Lakini je, 74.5 ipandishwe iwe 75? Hilo haliamuliwi na mwandishi wa programu. Linaamuliwa na idara ya taaluma ya shule, na mtengenezaji mzuri wa mifumo ni yule anayejua kwamba anapaswa kwenda kuuliza. Vivyo hivyo kwa nafasi tupu: mwanafunzi aliyelazwa kwa malaria siku ya mtihani hana alama, na aliyeandika jina tu akarudisha karatasi ana sifuri. Kompyuta isipoelezwa tofauti hiyo itawahukumu wote wawili sawasawa. Na mwanafunzi aliyefanya masomo sita tu, programu inayotafuta saba bora itafanya nini ikifika kwake?

Kijana aliyetoka chuo kikuu na shahada ya sayansi ya kompyuta anaweza kumpita mwalimu kwa kila kitu kuhusu mashine. Maswali haya hayajui mpaka ayaulize, na mara nyingi hajui kwamba yapo. Hapo ndipo mwalimu anapomzidi, na hapo ndipo anapostahili kukaa kwa muda mrefu kabla ya kukimbilia kutengeneza programu ya kuagiza chakula ambayo watu elfu wameshaitengeneza.

Kazi ya pili, akimaliza matokeo, iwe ya ada au michango. Inaonekana nyepesi hadi mtu anapoishika. Mzazi analipa kwa mafungu matatu. Analipia watoto wawili kwa muamala mmoja. Fungu la mwisho linatumwa kwa simu ya mjomba, na jina linalotokea kwa mhasibu halifanani na la mwanafunzi yeyote. Kenya, Safaricom, iliyoanzisha M-Pesa mwaka 2007, imefungua njia rasmi iitwayo Daraja ambayo kwayo programu inaweza kupokea taarifa za malipo moja kwa moja. Tanzania, malipo ya serikali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo. Mwalimu akiweza kulinganisha orodha ya miamala na orodha ya wanafunzi, ikabaki ile michache tu yenye utata ya kupigiwa simu, atakuwa ameokoa siku nzima ya mhasibu. Atakuwa pia amejifunza SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata, ambayo wanaojifunza wenyewe huipuuza ingawa waajiri huiuliza.

Tahadhari moja hapa haina mjadala. Majina, alama na madeni ya watoto si mali ya mwalimu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anapofanya majaribio atumie majina ya kubuni, asipakie orodha halisi ya darasa mahali popote mtandaoni, na asianze kutumia programu yake kwa kazi halisi bila ruhusa ya mkuu wa shule. Mwajiri wa kesho akikuta orodha halisi ya watoto kwenye mradi wa kuonyesha, atafunga ukurasa, na atakuwa na haki.

Muda utatoka wapi? Mwalimu mwenye vipindi vingi, zamu, maandalio ya somo na madaftari ya kusahihisha hana jioni. Aibe asubuhi: saa moja kabla ya jua siku tano za wiki, na saa tatu Jumamosi, ni saa 8. Kwa wiki 40 za masomo zinakuwa 320. Wiki nane za likizo kwa saa 20 kila wiki zinaongeza 160. Jumla 480 kwa mwaka, na hapo hajamnyima mtu usingizi wala familia Jumapili yake. Kwa kasi hiyo, mwaka mmoja na nusu hadi miwili ndiyo makadirio ya haki kabla ya kuanza kuomba kazi. Matangazo yanayoahidi miezi mitatu yameandikwa kwa ajili ya mtu asiye na darasa.

Vifaa visimtishe. Kompyuta mpakato ya mtumba yenye memori ya GB 8 inatosha. Python ikishapakuliwa inafanya kazi bila intaneti, na mwongozo wake unaweza kuhifadhiwa kwenye mashine ukasomwa bando likiwa limeisha. Masomo ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, yanayofundishwa na David Malan, yanapatikana bure mtandaoni na ni mazuri kweli. Mwalimu atayafurahia mara mbili, kwa anachojifunza na kwa jinsi kinavyofundishwa. Kuhusu lugha, jibu fupi ni hili: Python kwa kazi za matokeo na data, kisha JavaScript kwa chochote kitakachofunguliwa kwenye kivinjari, na asiidharau PHP, ambayo bado inaendesha mifumo mingi ya ofisi ndogo na shule binafsi.

Kozi za kulipia ni habari nyingine. Nairobi kuna Moringa School tangu 2014, na wako wengine wengi wanaofundisha ana kwa ana au mtandaoni. Kozi nzuri humpa mwanafunzi ratiba, wenzake wa kuumia nao na mtu wa kumsahihisha. Lakini kabla ya kukopa tena juu ya mshahara uliokwisha kukatwa, mwalimu azingatie kilichotokea Marekani. Mwezi Aprili 2024 mamlaka ya kulinda walaji wa huduma za fedha nchini humo iliichukulia hatua BloomTech, shule ya programu iliyojulikana awali kama Lambda School, kwa kuwapotosha wanafunzi kuhusu gharama za mikopo yao na kuhusu wangapi hupata kazi. Matangazo yake yalitaja viwango vya kati ya asilimia 71 na 86. Takwimu za ndani za shule hiyo zilikuwa karibu na 50, na wakati mwingine chini zaidi. Swali la kumuuliza mwenye kozi yeyote, popote alipo, ni hili: kati ya wote walioanza, si waliomaliza tu, wangapi wanalipwa leo kuandika programu, na anaweza kumkutanisha mwalimu na watatu kati yao, mwalimu awachague mwenyewe? Mwalimu anajua vizuri tofauti ya asilimia ya waliofaulu kati ya waliofanya mtihani na asilimia ya waliofaulu kati ya walioandikishwa kidato cha kwanza. Aitumie.

Soko lenyewe lielezwe bila kupambwa. Andela, kampuni iliyoanza Lagos mwaka 2014 na kuingia Nairobi mwaka uliofuata, ilijengwa juu ya wazo la kuwachukua vijana wenye vipaji, kuwafundisha na kuwaunganisha na kampuni za nje. Septemba 2019 iliwaachisha kazi karibu wasanidi wa programu 400 wachanga nchini Nigeria, Kenya na Uganda. Wateja wake walitaka watu wenye uzoefu. Wachanga walikuwa wengi kuliko nafasi. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 mlango wa wanaoanza umebana zaidi, kwa sababu msimbo mwepesi ambao zamani ungepewa mgeni sasa hutolewa na akili mnemba kwa sekunde chache.

Je, basi mwalimu asijaribu? Ajaribu, lakini asipange foleni moja na vijana wa miaka 22 mbele ya mlango uleule. Akili mnemba inaandika haraka na inakosea kwa kujiamini. Anayehitajika karibu nayo ni mtu awezaye kusoma kazi, kuhisi kwamba hapa kuna jambo, na kuonyesha mstari uliopotoka. Walimu wametumia maisha yao wakifanya hivyo kwa kalamu nyekundu. Anapojifunza, hata hivyo, asiiachie mashine imfanyie zoezi. Anajua mwisho wa mwanafunzi anayenakili majibu ya jirani.

Kuna milango ya pembeni ambayo walimu hawaambiwi habari zake. Kila kampuni inayouza mifumo kwa shule, hospitali au saccos inahitaji watu wa kwenda kuwafundisha watumiaji, wa kupokea simu mfumo unapogoma, wa kuujaribu mfumo kabla haujatoka, na wa kuandika miongozo inayosomeka. Kenya, mifumo ya kuchambua matokeo kama Zeraki imeingia katika shule nyingi za sekondari, na mtu aliyewahi kukesha na karatasi za alama anauelewa mfumo wa namna hiyo kuliko aliyeuandika. Mwalimu akiingia kwa kazi ya ukufunzi au ya majaribio, huku akiendelea kuandika msimbo asubuhi, atakuwa ndani ya nyumba, karibu na wasanidi, akisoma msimbo wao na kuona wanavyogawana kazi. Kuhama chumba ndani ya kampuni ni rahisi kuliko kupita getini.

Asione uandishi wa miongozo kuwa kazi ndogo. Grace Hopper alifundisha hisabati katika Chuo cha Vassar kabla ya kujiunga na jeshi la majini la Marekani mwaka 1943 na kupelekwa kwenye kompyuta ya Mark I huko Harvard. Moja ya kazi zake kubwa za mwanzo ilikuwa kitabu cha kuielezea mashine hiyo, kilichotoka 1946, chenye kurasa zaidi ya 500. Mwaka 1952 alikuwa ameshatengeneza A-0, mojawapo ya vitangulizi vya vikusanyaji, programu zinazogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, tunavyovitegemea leo. Reed Hastings naye alifundisha hisabati sekondari nchini Swaziland, sasa Eswatini, kati ya 1983 na 1985, akasoma sayansi ya kompyuta Stanford, na kampuni yake ya kwanza, Pure Software ya mwaka 1991, iliuza programu ya kusaka makosa ndani ya programu nyingine. Netflix ilikuja baadaye sana.

Wapo pia wanaochanganya fani zote mbili bila kuacha hata moja. Eneza Education ya Kenya ilianzishwa na Toni Maraviglia, aliyewahi kuwa mwalimu, pamoja na Kago Kagichiri, mtu wa teknolojia, na ikapeleka masomo na maswali ya mazoezi kwa ujumbe mfupi hadi kwenye simu za kitochi. Mwaka 2022 taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari. Mtaala huo unataka walimu wanaoandika programu kweli, na kwa wengine hapo ndipo safari itakapoishia, kwa heshima na mshahara uleule.

Atakayeondoka aandike barua ya kuacha kazi baada ya kupata mkataba uliosainiwa na mshahara wa kwanza kuingia, au baada ya kuwa na wateja wanaomlipa mwezi baada ya mwezi kwa nusu mwaka. Aombe kwanza likizo bila malipo kama masharti yake ya ajira yanaruhusu. Namba yake ya TSC, tume ya walimu, au usajili wowote wa ualimu alio nao, auhifadhi hai. Asiondoke Agosti au Septemba, Kidato cha Nne wakiwa wanajiandaa na mtihani wa mwisho. Januari inafaa zaidi kwa kila mtu. Na ile programu ya matokeo aiache shuleni ikiwa na mwongozo wa maandishi, mwalimu mmoja aliyefundishwa kuiendesha, na nywila zote zikiwa mikononi mwa mkuu wa shule.